Mbegu za Benedikta

Mume wa Benedikta, Rafaeli, alikuwa manamba kutoka Songea, mkata mkonge katika shamba moja kubwa nje ya Tanga. Alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, mwaka wa hamsini na nne, haukupita muda nyapara akaja kusema chumba cha kambini kinatakiwa. Nauli ya kurudi kwao haikuwapo. Benedikta alifunga virago, akawashika mkono wanawe wawili, akafika Tongoni, ambako mzee Uweso alimwazima kipande cha pori.

Pori halifyekwi na mtu mmoja. Ndipo akaingia katika chama cha kulimiana cha wanawake wa pale. Leo wote wanalima kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye zamu hutoa mbegu. Mkubwa wao alikuwa Bi Asmahani, mjane aliyelea watoto saba kwa jembe tu. Semeni, aliyekuwa na ulimi mkali, alipinga waziwazi.

"Mtu wa kuja huyu. Akishalimiwa atarudi zake kambini."

"Basi na alime kwanza, tumwone," alisema Bi Asmahani.

Benedikta akalima. Alilima mashamba ya wenzake mpaka viganja vikachubuka, jioni akirudi kwa watoto wasio na posho. Mbegu zake za mahindi zilikuwa kwenye kibuyu, juu ya moshi wa mafiga. Bertha, yule mdogo, alipopata homa na kulia njaa, mama aliteremsha kibuyu akachota konzi moja tu, apike uji. Kesho yake akachota nyingine. Kila mara alijiapiza kuwa ndiyo ya mwisho.

Zilipobaki siku mbili zamu yake ifike, alikitikisa kibuyu, hakikulia.

Watakuja na majembe yao, watasimama kwenye udongo mtupu, na Semeni atacheka. Alifikiri kusema panya wamekula. Alifikiri kurudi kambini, lakini kambini angelala kwa nani? Kila aliposikia hodi kwa jirani alishtuka.

Baada ya alasiri alikwenda kwa Bi Asmahani, akamkuta anasuka ukili barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Una nini leo?"

Uongo wa panya ulikuwa mdomoni, ukakataa kutoka. "Mbegu nimewapa watoto. Zote."

Bi Asmahani aliuweka ukili chini. Hakutabasamu. "Umekosea. Si kwa kuwalisha, kwa kunyamaza. Chama cha nini, basi?"

Asubuhi yake Bi Asmahani aliwaeleza wenzake shambani, Benedikta kasimama nyuma, kainamisha kichwa.

"Anayekula mbegu leo atakula na kesho," alisema Semeni. Wawili watatu wakaitikia.

Palizuka mabishano, wengine wakitaka atolewe. Mwishowe shauri likakatwa hivi: zamu yake iende mwisho, baada ya wote, na badala ya mahindi, kila mmoja amletee pingili za muhogo. Pingili hazipikwi uji.

Walipofika kwake mvua zilikuwa zimeanza kupungua. Benedikta alipanda huku akitazama mawingu, na siku kadhaa zilizofuata alikuwa akiinama kwenye matuta kuona kama kuna jicho lililochipua. Mengine yalikauka. Mengi yalishika. Muhogo hauna haraka. Miezi ile yote aliishi kwa kisamvu, kwa dagaa alizopewa akisaidia kuanika, na kwa vibarua vya kupalilia. Bertha alipona, ingawa alibaki mwembamba.

Mavuno ya mwaka uliofuata, Bi Asmahani aliweka kanuni mpya: kila mwanachama atenge pishi ya mbegu, ikae darini kwa Bi Asmahani mwenyewe, apewe yule atakayekwama. Ufunguo wa dari alimpa Benedikta.

Wa kwanza kuja alikuwa Semeni. Nguruwe walikuwa wamelimaliza shamba lake. Alisimama mlangoni kwa Bi Asmahani, macho chini.

Benedikta alimjua mtu wa namna hiyo. Alikuwa yeye mwenyewe. "Umeleta kikapu?" alimuuliza. Semeni alikitoa chini ya kanga, na Benedikta akapanda ngazi ya dari.