Nilivyomwombea Mzee Elieza

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na laiti ningekuwa na uwezo wa kuchagua cha kusahau, ningeanza na hiyo. Nilikuwa mwinjilisti kijana katika kijiji kimoja jirani na Gulwe. Nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia mwaka uliotangulia, nina suti moja na sauti kubwa. Hiyo sauti ndiyo iliyoniponza. Watu walisema nikiomba hata mabati ya kanisa yanatikisika, nami nikawaamini, kwa sababu kijana akisifiwa huwa hana muda wa kuuliza kama ni kweli.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Uwele ukatoa masuke mepesi, na mtama uliobaki ukaliwa na ndege. Wewe uliyekulia mjini huenda hujui tunachofanya hali ikifika hapo. Wanaume hupanda milima ya Kibakwe kuhemea, yaani kwenda kutafuta chakula kwa walio nacho. Wenye mbuzi hubadilishana kwa mbuzi, wasio na kitu huwalimia watu mashamba yao. Kuhemea si dhambi. Lakini mwanamume wa kwetu huondoka jirani hajafungua mlango, na akirudi hurudi kimya, maana hakuna anayetaka ijulikane kwamba ghala lake limekwisha.

Basi alasiri moja akaja nyumbani kwangu Mzee Elieza. Alikuwa mzee wa kanisa, umri wa baba yangu. Ndiye aliyenipokea nilipofika kijijini, akanipa jogoo na kunitafutia mahali pa kulala. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi. Tukaongea habari za ng'ombe, za mawingu yanayopita bila kusimama, za reli iliyosombwa na maji mwaka wa juzi wakati mwaka huu hata tone hakuna. Kwetu mtu mzima haanzi na haja yake, na wewe ukiwa na adabu huisubiri.

Mwishowe akasema akiangalia chini, "Mwalimu, kwangu jiko limepoa. Leo siku ya pili. Watoto nimewaambia mama yao anaumwa, ndiyo maana hapiki. Neno hili nimekuambia wewe peke yako."

Chini ya kwapa alikuwa na gunia, amelikunja likawa dogo kabisa. Nililiona. Nataka ujue kwamba nililiona, maana kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba sikuliona.

Na uwele nilikuwa nao. Mama yangu, aliyenifuata kijijini baadaye tukaishi pamoja, alikuwa amepata shamba bondeni karibu na mto, na bonde lile halikutuangusha. Ghala letu lilikuwa limejaa hadi shingoni. Lakini nilikuwa ninaoa mwezi wa nane, na ule uwele nilikuwa nimeshaupangia: ugali wa wageni, uji wa wapishi, na mwingine wa kuwaonyesha wakwe kwamba binti yao haji kwenye dhiki. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, wahenga hawakukosea. Nikamshika mkono Mzee Elieza, nikafanya uso wa huzuni, nikasema, "Pole sana, mzee wangu. Nitakuombea."

Alikaa kidogo kama mtu anayengoja nimalize kusema. Mimi nilikuwa nimemaliza. "Asante, Mwalimu," akasema, akainuka, akaenda zake.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, siku ya sala za nyumba kwa nyumba. Tulikusanyika kwa mjane mmoja, watu kama thelathini, wamekaa kwenye mikeka na vigoda. Mzee Elieza alikuwepo na mkewe Perisi, maana mzee wa kanisa hakosi sala. Nikauliza kama kuna mwenye haja tumwombee. Mmoja akataja mguu, mwingine akataja mtoto aliyeko Morogoro. Njaa haikutajwa na mtu yeyote, ingawa nusu ya waliokaa pale walikuwa nayo.

Ndipo nikafumba macho, nikaanza. "Ee Bwana, mkumbuke mtumishi wako Elieza, ambaye leo ni siku ya tatu jiko lake limepoa!" Nikasikia mama mmoja anavuta pumzi na kusema, "Yesu wangu!" Ningekuwa na akili ningenyamaza hapo. Lakini ile sauti ya yule mama ilinipa moto. Nikawataja watoto wa Elieza kwa majina yao, mmoja mmoja. Nikamtaja Perisi anayelala kitandani mchana akijifanya mgonjwa ili wanawe wasijue kwamba hakuna cha kupika. Wanawake wakalia. Mwanangu, niliomba vizuri siku ile. Sijawahi kuomba vizuri namna hiyo tena, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Nilipofumbua macho, Mzee Elieza alikuwa amesimama, kofia mkononi. Aliitikia amina pamoja na wenzake. Perisi alikuwa amejifunika kanga hadi usoni. Mtoto wao wa pili, aliyekuwa amekaa mlangoni, alikuwa anamwangalia mama yake.

Asubuhi ya Alhamisi wanawake wakapita njia kuu wakiwa na nyungo za unga kichwani, mmoja nyuma ya mwingine, wengine wakiimba, watoto wa kijiji wakiwafuata mbio. Walikuwa na nia njema na sitawasema vibaya. Mzee Elieza alikaa mbele ya nyumba yake, akawashukuru wote, mmoja mmoja, kwa jina. Unga ule hakuula. Perisi aliniambia baadaye kwamba hata uji wake hakuugusa, na siku ya Ijumaa akachukua gunia lake akapanda Kibakwe.

Na mimi je? Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda! Nikasema, tumeomba Jumatano na Alhamisi Bwana amejibu. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Kiti cha Mzee Elieza kilikuwa wazi, nami nikadhani yuko shambani.

Mama yangu hakupiga makofi. Tulipofika nyumbani alinisubiri nivue koti, kisha akaniuliza, "Huyo mzee alipokuja hapa alikuwa na gunia?"

Nikasema alikuwa nalo.

"Basi Mungu atakuwa anashangaa huko aliko. Anasema, huyu anayenipigia kelele nilete uwele, si ndiye aliyeukalia?" Halafu akasema, "Ugali wa harusi yako mimi sitausonga." Na hakuusonga. Siku ya harusi alikaa pembeni amekunja mikono, na watu walipomwuliza kama anaumwa alisema ndiyo.

Mzee Elieza alirudi baada ya wiki mbili, akawachukua mke na watoto, wakahamia Kibakwe. Mtu aliyekuwa na mashamba na heshima yake akaenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, ugenini, ambako hakuna aliyesikia mambo ya jikoni kwake. Mimi nikajipa sababu za kutomfuata. Leo nina semina, kesho mke wangu amejifungua, keshokutwa mvua. Ilipita miaka sita ndipo nikapanda mlima.

Nilimkuta anapalilia maharage ya mtu. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe. Nikapiga magoti palepale kwenye tuta nikaomba msamaha. Akaegemea jembe, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "unafikiri nilikuja kwako ili umwambie Mungu? Mungu nilikuwa nimeshamwambia. Nilimwambia siku mbili mfululizo. Nikaona amenielekeza kwako."

Akang'oa gugu, akalitupa pembeni ya tuta.

"Kusamehe, nimekusamehe, maana nimeamriwa. Lakini neno langu hutalisikia tena." Akarudi kupalilia. Nilisimama pale kama nusu saa, hakuinua kichwa. Alipofariki sikuletewa habari ya msiba. Nilisikia kwa mpita njia, watu wamekwisha kuanua matanga.

Sasa mimi ni mzee, nakaa Chamwino kwa binti yangu. Juzi mjukuu wangu anayesoma chuo hapa Dodoma alinionyesha kundi la maombi kwenye simu yake. Watu zaidi ya mia. Mmoja ameandika jina kamili la msichana wa chuoni, kwamba ana mimba na kwao wamemfukuza, tumwombee. Chini yake mikono ya kusali imepangwa kama uzio. Nikamwuliza mjukuu wangu, "Huyo binti alilala wapi jana?" Akasema, "Sijui babu, ila tunamwombea." Nilimrushia maneno ambayo mzee hapaswi kumrushia mtoto, kisha nikamwambia avae viatu aende akamtafute.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, maana majuto ni mjukuu na wangu amezeeka pamoja nami. Mtu akikuletea shida yake, tazama kwanza amekuja na nini mikononi, na wewe una nini ghalani. Ukiwa nacho, mpe, tena mpe kimya, halafu ndipo uombe. Kama huna, mwulize, "Nikuombee nini?" usijitungie wewe. Mwulize pia kama jina lake litajwe au lisitajwe. Akisema lisitajwe, Mungu hahitaji kukumbushwa jina, anayelitaka ni jirani. Omba kwa maneno machache, ukiwa peke yako, ambapo hakuna wa kukusifu. Na ukishaomba, rudi ukamwone, maana wengi wetu tukisema amina tunadhani tumemaliza kazi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi ukijikwaa ukiwa unasali, unaumiza zaidi, kwa sababu aliyeumizwa analazimika kuitikia amina.

Mungu akuzidishie masikio na akupunguzie sauti. Akupe ghala, na akupe mkono wa kulifungua. Na siku utakapokuwa na njaa wewe, maana kila mtu siku yake inamngoja, akuongoze kwenye mlango wa mtu aliye bora kuliko nilivyokuwa mimi. Amina.