Bibi Alivyoniamkia

Juzi, nikipita karibu na skuli moja ya Nizwa, hapa Omani, nilisikia bendi ya wanafunzi ikijifunza, na ile ngoma ndogo ikanifanya niongeze mwendo.

Zamani, nilikuwa ndio kwanza nimeingia sekondari, kule kwetu Ibra. Ustadhi wa muziki alinisikia nikipiga mara moja tu, akanipa ngoma ya mbele, wanafunzi wa zamani wakanuna. Mchana ule nilirudi nyumbani na sare mpya ya bendi, bado ina harufu ya dukani, kofia imenifika kwenye nyusi. Nilitaka Bibi awe wa kwanza kunisikia, basi nikaanza kupiga tangu uchochoroni, kwa nguvu zangu zote.

Uani vitumbua vilikuwa vinaungua na mtu hayupo. Nilimkuta Bibi chumbani, amevaa buibui, amepakata furushi la kanga. Nilidhani amejitayarisha kuja kuitazama bendi yetu. Habari za mapinduzi ya Unguja, na za babu aliyebaki huko, kwetu hazikuzungumzwa mbele ya watoto.

"Mko wangapi?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Wengi, Bibi. Na mimi ndiye wa mbele."

Akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba."

Nilidhani ananitania kwa ukubwa wangu mpya. Nikajikaza kiaskari, nikaitikia, "Marahaba!"

Hapo akavua bangili yake, akaninyooshea.

"Mume wangu mshamchukua," alisema. "Watoto niachieni."