Tulisoma kwa Karatasi za Karanga

Ninyi mliosoma Bunia wakati wa vita mtanielewa: enzi zile kitabu chetu kilinukia karanga. Vitabu vya shule vilikwisha kuporwa, sijui mwizi alitaka kujifunza nini, basi Madamu Furaha wa darasa la sita akaagiza kila mmoja alete gazeti lililofungiwa karanga. Wenzangu wakinunua waliomba matabishi, kiganja kimoja cha nyongeza. Mimi niliomba karatasi kubwa zaidi, nikabishana mpaka muuzaji akaniita wakili.

Tulikula kwanza, tukasoma baadaye, mafuta yakiwa yamekunywa nusu ya habari. Madamu alizunguka, chaki sikioni. "Musiniambie mwenye aliandika anasema nini, hiyo hata kasuku anaweza. Muniambie: huyu mutu anapenda nini? Na ni nani yeye hamuone?"

Mwaka ule tulikuwa tumeikimbia nyumba yetu ya Bigo, tukilala Shari kwa shangazi, jamaa mbili juu ya mikeka ya jamaa moja. Shangazi alikwisha anza kuhesabu sahani kwa sauti. Siku moja mama akarudi kutoka sokoni na tangazo la wakubwa wa wakati ule: Bigo kumetulia, wenyeji warudi. Akaanza kufunga masufuria.

"Weye soma, tuende."

Nikasoma. Mabati bado mazima, soko litafunguliwa, barabara imefagiliwa, kodi italipwa kama zamani. Nikasita.

"Mama, huyu anapenda mabati."

"Na siye?"

Nikasoma tena, kama ninavyohesabu chenji. "Soko iko. Barabara iko. Siye hatuko. Hata mwenye atatulinda haiko."

Mama alikaa juu ya furushi lake. Kisha akalifungua, sufuria moja moja. Shangazi akaguna, lakini jioni mboga ya sombe ilitutosha sote.

Jirani zetu wa kule, tuliokimbia nao, walirudi Bigo. Juma lile lile walipita mbio mlangoni pa shangazi, magodoro kichwani. Baba yao hakuwa nao.

Leo watoto wangu wanasoma bila mafuta vidoleni. Habari ikiingia kwenye simu, wameshaituma kwa wengine kabla haijapoa. Sisi hata karanga tulipuliza maganda kwanza. Nawauliza, aliyeandika anapenda nini?

"Mama, ni habari tu."

Habari tu. Hata ile ya Bigo ilikuwa habari tu, tena ya kweli: mabati yalikuwa mazima.