Bakteria wanaokula mazuti wapo pembeni ya kaburi la baba, na mimi sielewi

Wakuu, natumaini mko salama. Niko Kindu, mashariki mwa Kongo, nafundisha biolojia sekondari. Ninayoandika hapa yametokea nyumbani kwetu, siongezi chumvi, na kichwa changu bado hakijatulia.

Miaka ya vita wanajeshi waliweka mapipa ya mazuti, dizeli kwa nyie wa huko, kwenye uwanja wetu. Wakati wa kuondoka wakayatoboa. Udongo wote ukawa mweusi.

Muda si mrefu baba akafariki kwa homa. Njia ya makaburini ilikuwa haipitiki. Tukamzika nyuma ya nyumba, palepale penye mazuti. Iliniuma, na inaniuma.

Miaka ikapita, uwanja hauoti kitu. Ila pembeni ya kaburi nyasi zikarudi. Majirani wakasema marehemu alikuwa mtu mwema. Mimi nikaitikia tu.

Sasa mwaka juzi. Dada yangu Zaituni, mjane, analisha watoto kwa bustani ya lengalenga, mchicha huo. Fundi pikipiki wa jirani alikuwa akimwaga oili chafu, mvua ikaisukuma mpaka kwa dada. Mboga zikafa zote.

Nikaagiza bakteria wa paketi kutoka ng'ambo. Nikawamwaga. Kimya. Labda walichoka njiani, labda joto letu hawaliwezi, sijui.

Ndipo nikakumbuka zile nyasi. Nikachota udongo huku na huku uwanjani, nikauchanganya na oili kwenye mabeseni. Uliopunguza oili ni ule wa pembeni ya kaburi peke yake.

Kwa nini pale tu? Labda kwa kuwa tulipachimba, hewa ikaingia, bakteria wa hapahapa wakapata nguvu. Labda. Nimeshabadili maelezo mara nyingi.

Mama aliponiona narudi pale na jembe, alikaa chini.

"Unataka kuchimbua baba yako?"

"Hapana, Mama. Nachukua ya pembeni tu. Iko tududu mule, tubakteria tudogo sana, tunakula mazuti."

Halafu akauliza, "Na baba yako, tule tududu tulimukula?"

Wakuu, somo hilo nalifundisha kila mwaka. Nililaza jembe chini.

Jioni Mama akaja mwenyewe na beseni limejaa udongo wa pale kaburini. "Peleka kwa Zaituni. Baba yake hakupenda mutoto alale na njaa."

Tuliuchanganya na wa bustani, tukawa tunageuza kwa jembe, tukangoja mvua hadi mvua. Juzi dada kaleta fungu la kwanza la lengalenga. Nilitaka nipime kwanza kama ni salama, kumbe Mama ameshapika. Akasema bismillahi, akala polepole, kisha akanisogezea sahani.

"Kula. Ni baba yako njo anatulisha tena."

Nikala.

Somo langu: kabla ya kuagiza bakteria wa watu, kagua udongo wa kwenu, wa hapa wameshazoea shida zetu. Hilo nina uhakika nalo.

Swali la Mama ndilo bado linanizunguka. Karibuni mchangie: ingekuwa mama yako, ungemjibu nini?