Zamu ya Mama kwenye Mwethya

Mama yangu alikuwa mwalimu wa darasa la nne karibu na Nunguni, na kazi yake hakujua kuiacha shuleni. Alisahihisha kila kitu. Kadi za harusi, matangazo ya kanisa, hata ratiba ya mazishi ya jirani aliisahihisha kwa kalamu nyekundu tukiwa tumekaa hemani. Nikiwa kidato cha tatu alipata barua niliyoandikiwa na mvulana wa mji wa Sultan Hamud. Nilijua siku zangu zimekwisha. Aliirudisha kwenye sanduku langu bila neno, lakini chini yake alikuwa ameandika: saba kwa kumi, amejitahidi, aangalie aya zake. Huyo mvulana sikumjibu. Ningempendaje mtu wa saba kwa kumi?

Alizaliwa Kitui, akaolewa huku kwetu kwenye baridi ya milima ya Makueni, na wakwe zake hawakuchoka kumtania kwamba mtu wa joto hawezi kulima mlima. Nadhani ndiyo sababu aliipenda sana mwethya, kikundi cha wanawake wanaochimbiana matuta ya shamba kwa zamu, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Kila Jumamosi alikuwa huko na jembe lake. Jumatatu aliingia darasani na malengelenge mikononi na hakuyaficha.

Alipohisi uvimbe kwenye titi alinyamaza muhula mzima, eti watoto walikuwa na mtihani. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Tulipomfikisha hospitalini, saratani ilikuwa imeshasambaa. Nikaomba ruhusa kwenye duka la vifaa vya ujenzi ninakofanya kazi, Emali, nikarudi nyumbani kumuuguza.

Dawa hazikumhangaisha. Alichohofia ni kwamba wale wanawake wangemwondoa kwenye zamu kwa huruma, waanze kumletea sukari na mkate. Zamu yetu ilikuwa ya mwisho kabla ya mvua za Oktoba, na mashamba kadhaa yalikuwa yamebaki mbele yetu. Mwethya ina kanuni yake: mwanamke akiugua, mtoto wake huenda badala yake. Basi akanitazama mimi, ambaye mikono yangu ilizoea kupima misumari kwenye mizani.

"Uende," aliniambia. "Sitaki wazoee kunikosa."

Nikaenda. Matuta ya huku huchimbwa kwa mtindo wa fanya juu: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, unakuwa ukingo wa kuzuia maji yasikimbie. Mimi asubuhi nzima niliutupa chini, maana kutupa chini ni rahisi, na kufikia saa nne nilikuwa nimewaacha wote nyuma. Nilijiona shujaa. Hakuna aliyeniambia kitu, kwa heshima ya Mwalimu. Saa sita nilipogeuka niliwaona wamama wawili wa rika lake wameinama nyuma yangu, wanaurudisha udongo wote juu.

Nilifika nyumbani nimenuna, nikamweleza. Alicheka mpaka akajishika ubavu, nami nikaingiwa na hofu. Kisha akaitisha uteo wa kupepetea na unga, akaurundika unga ukawa mteremko, akanipa kijiko. Nilichimba mtaro, nikatupa juu. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, hadi aliporidhika. Nilimwambia palepale kwamba nampenda. Alisema sawa, unga usipotee, tusonge ugali.

Nilienda Jumamosi zote zilizofuata. Kila jioni alidai habari kamili: nani alichelewa, walipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, au wali, nani alisengenywa. Nilimpa zote, nyingine nikazitia chumvi, na akilala huku anatabasamu nilijua kazi yangu nimeifanya.

Alifariki mwezi wa tisa. Wanawake wa mwethya walimwimbia kaburini, wakapika, wakaosha vyombo, wakaenda zao. Nilidhani na zamu yetu imezikwa naye.

Jumamosi moja baadaye niliwaona wakipanda kijia cha kwetu. Nikafikiri wamekuja kutoa pole tena, nikateleka chai. Kumbe wamebeba majembe. Walinisalimu, wakapita hadi shambani, wakajipanga kwenye mpaka wa juu, kisha wakasimama tu. Niliwafuata, nikawaambia waanze popote wanapoona panafaa.

Mwenyekiti wao, mama ambaye watoto wake wote walipitia mikononi mwa Mama, alitikisa kichwa.

"Hapana, mwana wa Mwalimu," alisema taratibu. "Ni mwenye shamba ndio hupiga jembe la kwanza."

Jambo hilo nilikuwa nimeliona kila Jumamosi kwenye mashamba ya wengine, na sikuwahi kulitia maanani. Nikageuka kuangalia nyumba. Niligeuka kweli, kumtafuta, nikitarajia atoke mlangoni akijifunga leso amalize jambo hilo tuendelee.

Mlango ulikuwa wazi na hakutoka mtu. Nililia hapo mbele yao wote, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Hakuna aliyekuja kunishika wala kunibembeleza. Waliegemea majembe yao wakaningoja, kwa muda wote niliouhitaji, mpaka nikanyoosha mkono nikaomba jembe.