Kishonanguo katika Shamba la Angèle

Miaka kumi na moja Angèle Mushiya alilima shamba lake kando ya barabara ya Nzilo, mahindi na viazi vitamu. Msimu pekee alioukosa ni ule ambao mumewe, Symphorien, aliangukiwa na udongo shimoni akichimba kobalti, akavunjika uti wa mgongo. Miezi minne Angèle alilala sakafuni hospitalini, akimgeuza na kumwosha. Mvua zikanyesha, jembe likakaa ndani.

Mwezi Machi kampuni moja ya mgodi ikatangaza kwamba inalitaka eneo lile lote. Wenye mashamba wangepewa mengine kwingine. Yaliyoachwa yangechukuliwa bure. Angèle alimwacha mumewe kwa dada yake, akakimbia shambani.

Alimkuta agronomi, mtaalamu wa kilimo aliyetumwa na kampuni kukagua mashamba, bwana mpole aitwaye Hénock Muteba, amesimama kati ya majani yaliyomfika kiunoni. Alikuwa amechuma ua dogo, la manjano katikati, jeupe pembeni. Akabandua mbegu moja iliyomng'ang'ania surualini, nyeusi, nyembamba kama sindano, akaiinua juani. Nchani ilikuwa na vijimiba viwili.

"Mama, hii majani jina yake ni nini?"

"Kishonanguo, tata."

"Ndiyo yenyewe. Inaota na mvua, inakufa kiangazi. Inajaa hivi pale jembe haipite." Akaandika. "Hii shamba haikulimwa mwaka huu."

"Mi nilikuwa ku opitali na bwana yangu. Biazi bya mwaka ilipita biko mu udongo."

Angèle akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Ilitoka mizizi, wakatoka mchwa, mwishowe kiazi kimoja, nusu kimeoza. Akamnyooshea.

Hénock alikitazama. "Mama, balinituma niandike kile macho inaona. Nikiandika biazi, mukubwa wangu atakuja, ataona majani."

Angèle alitaka kumwambia kwamba majani hayohayo, yakiwa machanga, ndiyo mboga waliyochemsha binti zake siku zote hizo. Akaona atajiaibisha bure, akakirudisha kiazi udongoni.

Wiki mbili baadaye tingatinga zikapita shambani, na Angèle hakupewa jingine. Symphorien hakuambiwa. Kila alipouliza watarudi lini kulima, mkewe alimjibu, "Ukipona." Vidonda vya mgongo vilimmaliza mwezi Mei.

Siku hizi Angèle huosha mawe ya kobalti ya wachimbaji mtoni, maji magotini. Mwaka huu binti yake mkubwa, Princesse, ameacha shule, naye anaosha.