Siku Mama Aliponiuliza Jina

Boksi la mawaridi likifunguliwa hutoa harufu ya baridi, ya majani mabichi na katoni iliyolowa. Maboksi hayo huyapokea mimi kila asubuhi katika duka la maua huku Uarabuni, mtaa wa Jumeirah Lake Towers. Arbab, bosi wetu, hunihimiza "yalla, yalla", fanya haraka, nami bado nimeinamia harufu. Harufu hiyo hunirudisha darasa la sita, kwetu Kenya, katika mji mdogo ulioanzishwa na familia za Kiholanzi zilizohamia kulima maua kando ya ziwa.

Mama alifanya kazi huko ya kufunga maua. Mimi niliishi kwa shangazi Nakuru, nikisoma na watoto wanaoletwa shule kwa magari. Niliwaambia mama yangu ni karani wa Waholanzi. Uongo huo ulinikaa vizuri mpaka mwalimu alipotangaza ziara ya kwenda kuona maua. Mama alifurahi mno, akamwomba msimamizi wake awe yeye wa kutuonyesha kazi.

Tulimkuta mezani, amevaa gambuti na aproni ya plastiki, vidole vimechanjwa na miiba. Aliponiona alianza kutabasamu. Rafiki yangu Sheila akaninong'oneza, "Huyo mama anakujua?" Nikajibu, "Simjui," tena kwa sauti ya kutosha. Mikono ya mama ilisimama kidogo, ndipo nikajua amesikia. Kisha akaendelea na kazi. Alitufundisha kupanga mashina kwa urefu, akampa kila mtoto ua moja huku akimwuliza jina. Zamu yangu ilipofika nilitamani ardhi ipasuke.

"Na wewe, binti, unaitwa nani?"

"Nyambura."

"Jina zuri," akasema, akanipa ua langu. Ni jina la mama yake mzazi, alilonipa yeye mwenyewe.

Hakulitaja jambo hilo tena, nami sikuomba radhi. Ua nililitupa kupitia dirisha la basi.

Leo aproni ninayo mimi, na vidole vyangu ni vilevile vya miiba. Wateja hawaniulizi jina, wala sina haki ya kununa. Kinachonichoma ni simu. Kila nikimpigia mama mchana, kabla hata ya salamu huuliza, "Uko peke yako, ama uko na watu?" Miaka yote nilidhani anaogopa nisikaripiwe na arbab. Wiki iliyopita nilimjibu kwamba niko na wenzangu wa dukani. Akashusha sauti, akauliza, "Wanajua ni mimi?"